Boti Inayovuja kwa Sababu ni Kavu

Kununua pikipiki iliyotumika ninajua: unasikiliza injini, unatikisa usukani, unaponda rangi, bei inashuka. Siku niliyotoka Mbuba kwenda mwaloni, ufukweni boti zinapoegeshwa, mbele ya Biharamulo, kununua boti yangu ya kwanza ya kubebea ndizi, nilifanya hivyohivyo. Injini ikawaka. Mbao nikazikagua mara mbili. Tulipoishusha ziwani, maji yakaingia.

"Mama, hii inavuja," nikamwambia mwenye boti, nikifurahi kimoyomoyo kwamba bei imeshuka.

"Inavuja kwa sababu ilikaa juani," akajibu. "Mbao zikinywa maji zitavimba, zitaziba. Leo nakuuzia bei ya boti inayovuja. Ukirudi kesho, ni bei ya boti nzima."

Mimi mtu wa migomba nikachanganyikiwa. Kitu kinavujaje kwa sababu ni kikavu? Nikasema basi tuizungushe ziwani wote wawili. "Haizami hii," akasema, akapanda bila wasiwasi. Lakini akavua viatu, akavipakata.

"Kama haizami, viatu vya nini mapajani?" nikamuuliza.

"Nimesema haizami, baba. Sikusema hailoweshi."

Mkono wangu mmoja ukashika injini, mwingine ukachota maji kwa kopo, macho yangu yakabaki kwenye vile viatu. Tulipokuwa tunarudi akavivaa, tukiwa bado majini. Nikalipa palepale, bei ya boti inayovuja.

Boti iliziba kweli. Ila hadi leo sijui kama siku ile alivaa viatu kwa kuwa maji yalikoma kuingia, au miguu ilipata baridi tu.