Fundi Anayemnyima Punda wa Chuma Teke Lake

Umma wote unatangaziwa kwamba leo, saa mbili kamili asubuhi, mwanamke mmoja atakabiliana ana kwa ana na mnyama wa chuma aliyewahi kuvunja mbavu za mwanamume mzima. Wenye mioyo dhaifu wakae mbali.

Saa mbili kamili inafika. Shujaa wetu yuko chini ya meza ya mnyama huyo, miguu tu ndiyo inayoonekana, anafagia vumbi la mbao.

"Subirini huko," anasema kutoka uvunguni. "Mtu akiteleza hapa, hatanilaumu mimi, atalaumu mashine."

Mnyama mwenyewe ni msumeno wa meza: meza ya chuma yenye ufa katikati, na ndani ya ufa huo duara la meno linalozunguka na kupasua mbao. Majirani wa karakana wanauita Punda, kwa kuwa asante ya punda ni mateke. Mbao ikibana meno yanayopanda upande wa nyuma, hunyanyuliwa na kurushwa kwa yule yule aliyekuwa akiisukuma, kabla hajapata nafasi ya kumwita mama yake.

Anayejua hilo vizuri kuliko wote ni kaka wa shujaa wetu, mwenye karakana. Mwaka juzi alipigwa teke akavunjika mbavu mbili. Alipopona, aliufunika msumeno kwa turubai kama maiti na kurudi kwenye msumeno wa mkono. Kazi iliyokuwa ikiisha kabla ya chai ikawa inachukua siku mbili. Wateja walivumilia, wakanuna, wakahama.

Leo mnunuzi amekuja na mkokoteni kuuchukua. Ameketi mlangoni, anachezesha funguo za kufuli lake. Lakini dada mtu ameomba jaribio moja, na kaka amekubali kwa sharti moja.

"Mbao naichagua mimi," kaka anasema. "Ikipita salama, mashine inabaki. Ikiruka hata kidogo, inaondoka. Sitaki kukuzika kwa ajili ya chuma, mdogo wangu."

"Hutanizika, kaka. Lete mbao."

Ujasiri huu haukushuka kutoka mbinguni. Miezi kadhaa iliyopita fundi huyu aliambiwa aufute vumbi msumeno ili upendeze machoni pa wanunuzi. Akaona nyuma ya meno kuna matundu mawili ya skrubu, matupu.

"Nikajiuliza, nani anatoboa chuma bure?" anasema. "Lazima hapo palikuwa na kitu. Nikatafuta kwenye makopo, kwenye droo, mpaka juu ya dari. Hakuna. Halafu jioni moja kaka akaja kuvaa koti lake."

Koti hilo lilikuwa limetundikwa ukutani kwenye kipande cha chuma kilichopinda kama mwezi mchanga. Mpindo wake ulilingana kabisa na mpindo wa meno ya Punda.

Kaka mtu anakuna kidevu. Ni yeye aliyekifungua, miaka mingi iliyopita, alipotaka kuchimba mifereji kwenye fremu za milango. Kilikuwa kinamzuia. Baadaye akaona kinafaa sana kwa koti.

"Basi nikawa natundika koti kwenye mbavu zangu mwenyewe," anasema, na hata mnunuzi anacheka.

Kazi ya kipande hicho ni kukaa nyuma ya meno, ndani ya mpasuko, ili pande mbili za mbao zisikutane na kuyabana. Dada amekipa jina: Shemeji.

"Si unajua shemeji akija kukaa, mume na mke hawabanani tena?" anaeleza. "Sasa ndiyo hivyo hivyo."

Kaka analeta mbao. Ameichagua kwa roho mbaya ya upendo: nene, ngumu, ina fundo, na ubavu mmoja umepinda. Dada anaitazama, kisha anaiweka mbali na msumeno.

"Unaogopa?" kaka anauliza.

"Naogopa, ndiyo. Ndiyo maana bado nina vidole kumi."

Anachukua randa na kuunyoosha ule ubavu. Mbao iliyopinda, anasema, haiegemei vizuri ukingo wa mashine, ule upau unaoiongoza. Inayumba, na ikiyumba inabana. Mnunuzi anapiga miayo. Dada haharakishi. Anachomoa waya wa umeme kabla ya kugusa meno. Anapima ukingo mbele na nyuma, uwe sambamba na duara. Anakaza skrubu za Shemeji. Anateremsha meno mpaka yachomoze kidogo tu juu ya unene wa mbao. Anavaa miwani, anafunga mikono ya shati, anavua bangili.

"Harusi gani hii?" mnunuzi ananong'ona.

"Baba, sogea," dada anamwambia. "Hapo ulipo ndipo mbao hupita ikirudi."

Mnunuzi anasogea upesi kuliko umri wake.

Dada anachomeka waya, anawasha. Sauti inajaza karakana. Hasimami nyuma ya mbao. Anasimama kando kidogo, na mkono unaposogelea meno anachukua kijiti cha kusukumia. Mbao inaingia. Vumbi linaruka. Kaka ameshika mbavu zake.

Katikati, kwenye fundo, mashine inaguna. Mpasuko unaanza kujifunga, pande mbili zinakivamia kile chuma kilichopinda. Kaka anapiga kelele, "Vuta! Vuta!"

Dada havuti. Mbao haivutwi nyuma meno yakiwa yanazunguka. Huko ndiko kuomba teke kwa mikono miwili. Anasukuma kwa nguvu ile ile, bila pupa, bila kusita. Shemeji anakaza. Mguno unapungua, meno yanaimba tena, na mwisho wa mbao unavuka.

Anazima. Anasubiri duara lisimame kabisa ndipo anapogusa vipande. Vyote viwili viko mezani, vimetulia kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.

Kaka anapitisha kidole kwenye ukingo uliopasuliwa. Ananyoosha shingo kuelekea mlangoni.

"Mzee, samahani kwa usumbufu," anamwambia mnunuzi. "Mashine haiuzwi."

"Nilishaona," mnunuzi anajibu. "Nina mbao nyumbani. Mtanipasulia?"

Kufikia saa sita turubai limekunjwa na kaka mwenyewe anaomba kujaribu. Dada anamsahihisha anaposimama: "Kando, kaka, kando! Mbavu zimebaki chache." Mpango wake ni kuwakusanya mafundi wa mtaa huu kila Jumamosi, kila mmoja aje na kile alichokifungua kwenye mashine yake kwa sababu kilimzuia.

Kisha anamgeukia mwandishi wa makala haya.

"Na wewe, mdogo wangu wa gazeti la shule. Wote walikuwa wanatazama mbao. Wewe ulikuwa unatazama uso wangu. Ulikuwa unasubiri niumie, sivyo?"

Mwandishi anafunga daftari lake.

"Ni kweli, dada. Nilishatunga kichwa cha habari cha huzuni. Kilikuwa kizuri sana."

Dada anacheka mpaka anavua miwani.

"Kifute basi. Andika mbao imepita."

Mbao imepita.