Mawe Katikati ya Gunia

Mbolea ya mbuzi inapokutana na maji kwa mara ya kwanza, watu wengi hushika pua. Mimi huvuta pumzi. Juzi nilikuwa uani nikichanganya udongo, nikamwaga maji, harufu ile ikapanda, kali na yenye uvuguvugu, nikajikuta nina miaka kumi na mmoja tena, nimesimama mbele ya wanawake tisa wa Kawangware nikiwafundisha upuuzi kwa sauti ya juu. Kisa hicho sijawahi kukisimulia chote. Leo nitakisimulia, ila msinicheke kabla sijamaliza.

Tuliishi Mashimoni, Kibera, mimi na mama, katika chumba kimoja ambacho mlango wake ulifungukia kwenye ujia mwembamba. Mama alitoka Kitui, na kazi yake ilikuwa kufulia watu nguo kule mtaa wa Olympic. Siku moja akitoka kazini alikata njia kando ya mto, akaona mahali sukuma wiki tulizozipenda zilikolimwa: chini ya bomba la maji taka lililopasuka. Zilikuwa zimenawiri ajabu, majani mapana yanang'aa. Mama alizitazama, akaja nyumbani, akachukua sufuria ya mboga iliyokuwa tayari jikoni na kuimwaga yote. Siku hiyo tulikunywa uji.

Tangu hapo hakununua mboga bila kumuuliza muuzaji, "Hii ilikunywa maji gani?" Aliuliza kwa upole kabisa, na nadhani upole huo ndio uliowaudhi zaidi. Kina mama mboga wa ujia wetu wakawa wakimwona anakuja wanageuka ghafla kupanga nyanya. Mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba kikapu, natamani ardhi ipasuke.

Alipochoka kuuliza, akaamua kulima. Mtu aliyezaliwa Mashimoni anajua hilo lilikuwa neno la kuchekesha, maana hatukuwa na mahali hata pa kuanika soksi bila kumwomba jirani radhi. Lakini mama alikuwa ameona mahali watu wanapanda mboga kwenye magunia, na jambo likishaingia kichwani mwake halikutoka. Udongo ulikuwa shida. Wa kwetu ulijaa plastiki na vigae vya chupa. Ule mzuri tuliupata kwa Mama Zainabu, Mnubi mwenye ploti tuliyopanga, aliyefuga mbuzi katika ua wa nyumba ya wazazi wake. Tuliubeba kwa ndoo, mama akauchekecha kwa makini kama anayepepeta ndengu.

Gunia alilijenga hivi. Alichukua mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, akaukata kitako ukabaki wazi pande zote mbili, akausimamisha katikati ya gunia. Ndani ya mkebe alijaza mawe madogo, na kuuzunguka akajaza udongo. Kisha akauvuta mkebe juu taratibu, mawe yakabaki yamesimama, akaanza tena, mpaka gunia likajaa. Mwishowe alitoboa mashimo ubavuni, na kila shimo likapata mche wake wa mboga za kienyeji: terere, kunde, managu. Baada ya mwezi mmoja lile gunia lilikuwa limevaa majani kutoka shingoni hadi miguuni, na watu walipita wakisimama.

Kazi yangu ilikuwa kuokota mawe. Nilipokuwa nikiyaokota niliwaza, nikaona nimefahamu maana yake: mawe yalikuwa ya kujaza nafasi, ili udongo wa Mama Zainabu usitumike mwingi. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nililifikiria mwenyewe, nikajiamini, na kwa kuwa nilikuwa mtoto wa kujibu kabla swali halijaisha, sikumuuliza mtu.

Mdogo wake mama, Anti Mbithe, alikuwa mpishi katika shule ndogo ya chekechea huko Kawangware, karibu na kituo cha 46. Watoto wa pale walikuwa wanaumwa matumbo kila mara, na Anti, aliyemjua dada yake na maswali yake, akaanza naye kuuliza mboga za shule zilikunywa maji gani. Akakusanya akina mama wa watoto hao. Wakamwendea mwalimu mkuu kuomba kona ya uwanja, wapande wenyewe mboga za watoto. Mwalimu mkuu akawapa kona, lakini kwa sharti: shule ikifunguliwa Januari awe ameona mboga za kutosha sufuria ya kwanza. Asipoziona, kona inageuka stoo ya kuni, na watoto wataendelea kula za kununua.

Ilikuwa Novemba, shule zimefungwa. Anti alikuja kumwomba mama akawafundishe. Mama hakuweza kuacha kufua. "Mchukue Mwende," alisema. "Anajua yote. Tumefanya na yeye kila kitu." Nikavaa sare ya shule, ndiyo, sare, wakati wa likizo, ili nionekane mwalimu.

Akina mama walikuwa wamejipanga kwenye benchi za watoto, magoti yamewafika kidevuni. "Mwalimu wetu amefika," Anti alisema, na tangu dakika hiyo wakaniita Madam. Niliwafundisha kuchekecha, nikawafundisha kuchanganya mbolea, nikawakemea waliokuwa wanaongea. Kisha mmoja wao, Mama Shiru, mwanamke mrefu aliyekulia shambani, akainua mkono.

"Madam, nasikia gunia la mamako liko na mawe katikati. Hayo ni ya nini?"

"Ya kujaza tu," nikajibu. "Huko kwetu mchanga ni shida. Hapa mko na mchanga mwingi, mawe ni ya nini?"

Mama Shiru alinitazama kidogo, akasema, "Sawa, Madam." Wengine walifurahi kuepushwa kubeba mawe. Tukajaza magunia kumi na mawili ya udongo mtupu, wakanipigia makofi, nikarudi Kibera kifua mbele.

Wiki ya tatu nilimwomba Anti anichukue nikaone kazi yangu. Nilikuwa na shauku ya kusifiwa. Nilipofika kwenye ile kona nikakagua gunia kwa gunia. Juu ya kila gunia mboga zilikuwa nzuri, zimesongamana. Ubavuni miche ilikuwa ya manjano, imenyong'onyea, ile ya chini kabisa imekunjamana. Nilichomeka kidole kirefu kwenye shimo la chini. Mdomoni mwa shimo palikuwa na unyevu kidogo, lakini ndani kulikuwa kukavu kama unga.

Nikawaambia hawajui kunyunyiza maji. Nikalaumu jua. Nikalaumu na kuku. Akina mama waliokuwapo hawakunijibu neno, na mimi nikatafsiri ukimya wao kuwa wamekubali kosa.

Nyumbani nilimweleza mama jinsi watu wa Kawangware walivyo wazito. Alisikiliza huku akikunja nguo. "Mawe waliweka?" akauliza.

"Niliwaambia si lazima."

Mama aliacha nguo. Akachota kikombe cha maji, akanishika mkono akanitoa nje hadi kwenye gunia letu. "Weka kidole hapo chini kabisa," akasema, kisha akamimina maji yale juu, katikati, penye mawe. Nilisubiri. Baada ya muda mfupi kidole changu kikahisi ubaridi, kisha unyevu, na tone moja likateremka hadi kwenye kiganja. Niliinua macho, nikaliona gunia lile kana kwamba ndio kwanza naliona. Mawe yalikuwa njia ya maji, ili mche wa chini unywe sawa na wa juu.

"Kesho unarudi," mama alisema.

"Twende na wewe."

"Mimi niende kufanya nini? Ni mimi nilisema mawe ni ya kujaza?"

Usiku nililia chini ya blanketi, lakini asubuhi niliamka na uamuzi. Sikuvaa sare. Nilivaa gauni langu la kazi, nikafunga ule mkebe usio na kitako ndani ya leso. Mbele ya wanawake wale wale tisa nilisema, "Niliwafundisha vibaya. Sikujua, na sikuuliza. Nimekuja tuyamwage yote tuanze upya, na nitafanya mimi." Sikuinamisha uso. Mama Shiru ndiye aliyesimama wa kwanza, akakunja mikono ya sweta.

Tulimwaga magunia kumi na mawili. Watoto wa mtaa walituokotea mawe kando ya barabara na penye majengo mapya, wakipita wananidhihaki, "Niaje, Madam wa mawe!" Niliwajibu walete zaidi. Kwa siku tatu nilivuta mkebe ule juu mpaka viganja vikachubuka, na kila gunia lilipojaa nilimwita mtu aweke kidole chini, nimimine maji, asubiri, aseme amehisi. Bila kuhisi hatukwenda kwenye jingine. Managu yangechelewa, kwa hivyo tulipanda terere na kunde, zinazokua upesi.

Ikabaki Krismasi. Mwaka mzima nilikuwa nangoja Kitui: mahindi ya kukoboa tunayoyaita muthokoi, yaliyopikwa na nyanya mzaa mama, binamu zangu, kulala nje tukihesabu nyota. Lakini Desemba Nairobi huhamia mashambani, na akina mama wote isipokuwa Anti walikuwa na safari. Anti alikuwa na kibarua cha kutoka alfajiri hadi usiku. Nani angenyunyiza? Hakuna aliyeniomba. Nilimwambia mama mwenyewe, "Mwambie nyanya nitakuja Aprili." Mama akanipakia nguo zangu.

Krismasi hiyo niliila Kawangware, katika mtaa uliokuwa kimya nusu yake. Kila asubuhi na kila jioni nilibeba maji kutoka kwa kioski, nikamimina penye mawe, nikaenda kugusa mashimo ya chini. Nilimkumbuka nyanya hadi nikakasirika. Niliendelea kubeba.

Siku shule ilipofunguliwa, tulichuma beseni tatu. Anti alizipika na karanga za kusaga. Mwalimu mkuu alionja kwanza, akaongeza, akasema kona ni yetu. Watoto wengine walizitemea mkono wakisema ni chakula cha sungura, na wengine waliomba tena. Mimi nilikaa chini nje ya jiko na kula sahani yangu polepole, nimechoka na nimeridhika kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Sasa hiyo ndiyo kazi yangu: nafundisha watu kupanda chakula chao mahali walipo, na kisa hiki nilikuwa nakisimulia mara nyingi, nikianzia pale nilipotua mkebe na kuyaokoa yale magunia. Mwaka jana nilikisimulia hivyo nyumbani kwa Mama Shiru, nilipokwenda kumjulia hali. Aliniacha nikamaliza.

"Na hukuwahi kujiuliza mbona hiyo miche ya chini haikuwa imekufa?" akasema. "Wiki tatu, bila maji?"

Sikuwahi.

"Siku ya nne tulijua maji hayashuki. Tukawa tunanywesha kila shimo na kikombe, asubuhi na jioni, tukipokezana. Wengine walitaka tuweke mawe tumalize hiyo maneno. Nikawaambia, tukiweka sisi, huyu mtoto ataenda kufundisha hivyo kwingine, na huko hakuna mtu atamwambia. Tuzishikilie tu, arudi ajionee."

"Na kama singerudi?"

"Tungekuja Kibera kukuchukua."

Nilihesabu kichwani. Magunia kumi na mawili, kila moja na mashimo thelathini, kikombe kwa kikombe, mara mbili kwa siku, na Januari inawakaribia, na watoto waliokuwa wakiumwa matumbo ni wao. Niliona aibu, kisha nikaona jinsi nilivyopendwa na watu ambao sikuwa hata nimewauliza majina yao yote. Nikafungua mdomo kumshukuru. Mama Shiru akanisogezea kikombe, akaniambia ninywe chai kabla haijapoa.