Mtutu Niliojikatia Nyumbani

Nyuma ya nyumba yetu, huku Itetemia, imebaki miembe michache ya njia ya kale ya misafara ya pembe za ndovu. Hakuna anayeikata. Ukigusa tawi tu, nusu ya kata inakuja kukuuliza wewe ulikuwa wapi ilipopandwa. Kwa hiyo kunguru waliopanga kule juu wanakaa bila kodi na bila wasiwasi, na kila asubuhi wanateremka kuchukua vifaranga vya mke wangu.

Mke wangu aliacha chipsi za stendi akaingia kwenye kuku wa kienyeji. Aliacha moja kwa moja: aliuza jiko, kikaango na nafasi yenyewe. Tetea wa kwanza akaangua vizuri, vifaranga vikaliwa. Wa pili akaangua, vikaliwa. Akabaki na tetea mmoja aliyekuwa ameatamia, na akaniambia bila kupandisha sauti kwamba uzao huo nao ukienda, yeye na kuku basi, na stendi nafasi yake ameshaichukua mtu.

Nikamwambia asihofu, nina bunduki ya upepo.

Niliinunua kwa msimamizi mmoja wa ujenzi wa barabara aliyekuwa anahama. Nilimbana bei mpaka akaniongezea kopo la risasi na kamba ya kuibebea. Kibali nikakifuatilia mpaka nikakipata. Siku ile niliamini nimemlalia. Sasa nafikiri alicheka kutoka hapa mpaka Manyoni.

Nilisimamisha mfuniko wa ndoo kwenye tofali, nikalenga kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Risasi ya kwanza ikaenda juu kushoto. Ya pili chini kulia. Ya tatu sijaiona mpaka leo. Mimi ni mtu wa kuhakikisha mara mbili, nikarudia, na matundu yakatawanyika vilevile, ila safari hii kwa mpangilio mwingine.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa kukereza vyuma, Muha wa Kigoma, yaani mtani wangu. Watu wa huku hawampelekei mtani kazi kwa sababu ni rahisi. Wanampelekea kwa sababu angalau watatukanana kwa raha.

Akaufungua mtutu, akauelekeza juani, akachungulia kwa jicho moja. Ndani ya mtutu kuna mitaro myembamba inayojizungusha kama mistari ya parafujo. Hiyo ndiyo inayoizungusha risasi ili iende moja kwa moja.

"Ndani uko mzima," akasema. "Ulioliwa ni mdomo. Risasi yako inakimbia vizuri, ikifika kizingitini inajikwaa. Ikitoka nje inakwenda kama mlevi. Nikukerezee hapa mwisho kidogo tu, mdomo ukae sawa."

Akataja bei. Nikataja nusu yake.

"Mtani," akasema, "babu zako walibeba pembe za watu mpaka pwani bila kuuliza malipo. Wewe umebeba kamtutu haka kutoka Itetemia, tayari unataka punguzo?"

"Na babu zako walikuwa wapi wakati huo?"

"Uvinza. Wanawauzia chumvi. Kwa bei isiyoshuka."

Nikafanya ile mbinu ya kuondoka polepole ili niitwe. Nilifika barabarani, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Sikuitwa. Basi nikajiambia: kukata chuma na kukisawazisha, kitu gani? Msumeno wa chuma ninao, tupa ninayo, msasa unauzwa kila duka.

Aliyewahi kusawazisha miguu ya kigoda anajua kilichofuata. Unapunguza huu, ule unakuwa mrefu. Unapunguza ule, huu tena. Nilikata, nikaona umepinda kidogo. Nikapiga tupa upande mmoja, ukapinda upande wa pili. Nikakata tena. Kuja kushtuka, kile kijino cha mbele cha kulengea kilikuwa chini, kimeng'ang'ania kipande nilichokwisha kukitupa. Nikakirudisha kwa gundi, kwa kukadiria.

Mke wangu alikuwa anapita na ndoo. Akasimama.

"Baba watoto, ilikuwa ndefu hiyo."

"Naiweka sawa."

"Ukimaliza kuiweka sawa utanipa nichokolee moto."

Bado ilitawanya. Hapo ndipo nilipokumbuka nta. Kwetu nta ya nyuki ni dawa ya kila kitu. Mlango ukilia, nta. Uzi ukikatika, nta. Ngoma ikipoteza sauti, nta. Mjomba wangu anafuga nyuki Ipole, nikapanda gari mpaka kwake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hujaja kwa ajili yangu, naona. Unataka nini?"

Nikamweleza. Akanipa bonge la nta bila swali lolote, jambo ambalo lingenishtua siku nyingine. Nikarudi, nikaiyeyusha, nikapaka ndani ya mtutu kwa kitambaa na ufito, nikazipaka na risasi zenyewe. Mantiki yangu ilikuwa kwamba nta itaziba makosa yote, na risasi itapita kama ulimi kwenye asali.

Na ilipita, hilo sitalificha. Saa saba mchana, jua la kiangazi likiwaka, nilipiga mfuniko katikati. Nikarudia, katikati tena. Nikaketi chini nikacheka peke yangu.

Tetea alikuwa ameshaangua. Mke wangu alivifunika vifaranga na mama yao chini ya tenga, akawa anavilisha humo humo. Nikamfuata jikoni.

"Kesho vitoe. Vichakure kama kuku wengine."

"Una uhakika?"

"Nimepiga mara mbili."

"Umepiga kunguru?"

"Mfuniko."

"Mfuniko hauli vifaranga," akasema. Lakini alijua kama nijuavyo kwamba kifaranga cha kienyeji kisipochakura kinalegea miguu. Akakubali.

Asubuhi za mwezi wa sita Tabora zina baridi ya kukunja vidole. Niliketi kwenye mlango wa jiko, blanketi mabegani, bunduki magotini. Akaliinua tenga. Tetea akatoka akiwaita wanawe, nao wakamwagika nyuma yake. Kunguru akateremka, akatua ukutani kama mwenye nyumba. Nikalenga kifua. Bunduki ikatoa sauti nzito, kama mtu anayekohoa ndani ya shuka, na risasi ikachimba vumbi hatua chache mbele ya miguu yangu. Kunguru alilitazama lile vumbi. Akanitazama na mimi. Kisha akaruka chini, akachagua, akaondoka na kifaranga.

Mke wangu alivirudisha vilivyobaki chini ya tenga.

Nikailaumu gundi. Nikakisogeza kile kijino cha kulengea. Mchana nikajaribu, risasi zikapita juu ya mfuniko. Nikakirudisha kilipokuwa, zikaingia katikati. Nikaenda kumwambia kwamba sasa ni hakika, ile ya asubuhi ilikuwa bahati mbaya. Nilimbembeleza kwa ufundi wangu wote wa sokoni, na nina ufundi. Akaliinua tenga kwa mara nyingine. Baridi ileile, kikohozi kilekile. Risasi ikatoboa beseni la maji ya kuku, na kunguru akaondoka na chake.

"Tenga hili," akasema mke wangu, "ukitaka linyanyuliwe tena, utaninyanyua mimi kwanza."

Kesho yake alfajiri niliingiza ufito ndani ya mtutu, bila kulenga kitu chochote. Ukagoma katikati. Nikasukuma kwa nguvu, kikatoka kitu kigumu cha njano, kama kipande cha mshumaa. Mchana jua linailainisha nta, risasi inateleza. Usiku inaganda, na asubuhi ninaipigisha risasi kwenye ukuta wa nta. Kunguru hali chakula cha mchana kwetu. Anakula kifungua kinywa.

Nikamrudia mtani. Alipochungulia akanusa.

"Umepaka nta?"

"Kidogo."

"Mtutu siyo mzinga, mtani. Ulikuwa unasubiri nyuki waingie?"

Akauosha kwa maji ya moto na mafuta ya taa. Tukajaribu hapo nje ya karakana. Bila nta ya kuficha makosa yangu, risasi zilitawanyika kuliko siku ya kwanza kabisa. Akaupima mdomo kwa kipimo chake cha chuma, akanionyesha mshazari nilioukata. Nikamwambia akereze, kwa bei yake. Alisubiri nitaje nusu. Sikutaja, na naona hiyo ilimsikitisha kidogo.

Alikereza, akakifunga kijino cha kulengea kwa skrubu, na sasa bunduki inapiga. Asubuhi, mchana, jioni, inapiga pale pale. Ila bunduki hii hushindiliwa kwa kuukunja mtutu kwenda chini. Mtutu ndio mpini wenyewe wa kukaza springi, na mimi mpini nimeukata. Ulipokuwa mrefu, mkono mmoja ulitosha. Sasa naukalia kwa goti, nasukuma kwa mikono yote miwili, nahema, na kila inapokubali kujifunga kunguru ameshadokoa pumba za kuku, amefika mwembeni anafuta mdomo.

"Si uishindilie kabisa kabla hajaja?" aliniuliza mtani.

Nilijaribu. Siku hizi kunguru akiona nimekaa nayo tayari haji. Anasubiri nichoke, niipige hewani springi isilegee, ndipo ateremke.

Mke wangu hakuningoja mimi wala kunguru. Alikwenda kwa dada yake anayelima tumbaku, akaomba wavu mkuukuu wa kufunikia kitalu cha miche. Kaushona kwenye miti, kafunika juu na kuzungushia kipande cha uwanja cha kutosha kuchakura, na vifaranga vimeanza kuota mbawa humo ndani. Tetea mwingine ameanza kutaga.

Jana alinikuta nimeipigia goti bunduki katikati ya uwanja, jasho linanitoka, kunguru yuko ukutani.

"Baba watoto," akasema, "ukimaliza hapo, wavu umechanika kule pembeni. Njoo unishikie."

Nikaiweka chini, nikaenda kumshikia.