Herufi Zilizomeza Dakika

Cheka ukitaka, lakini kosa la herufi lilikuwepo. Programu yangu ya nyakati za sala niliijenga kwa zana za kuchorea madirisha ya kompyuta, nilizozipata bure mtandaoni. Kwenye kompyuta yangu nyumbani, mtaani Tanambao, zilipunguza herufi zangu nusu nzima. Nilisaka mpaka nikalikamata kosa, nikawaandikia wenye zana, na kwa muda nikauzidisha ukubwa mara mbili. Sikusoma sana, ila hilo nililiweza.

Haki isemwe: skrini ya msikitini, ambako programu ingetumika, sikuijaribu. Kule zana hazikupunguza kitu. Basi siku ya kwanza ya Ramadhani herufi zilivimba, zikazisukuma dakika nje ya skrini. Palipotakiwa kusomeka Magharibi 18:14, ilibaki 18 tu.

Nami nikaiamini kazi yangu. Ilipotimu saa kumi na mbili kamili nikatia tende mdomoni, mbele ya safu nzima ya wazee wa Kingazija.

Mjomba wangu, ndiye mwadhini, akanikodolea macho. “Mpwa wangu, umeadhiniwa peke yako?”

Nikaitema. “Kosa ni la wenye zana, mjomba! Nina ushahidi!”

“Sawa. Na hiyo tende, wameitafuna wao?”