Sponji ya Kijani

Miaka ya sabini nilikuwa dresa katika zahanati ndogo kule Ronge, na nilichokipenda kuliko vyote ni viatu vyangu vyeusi. Nilivipiga rangi kila asubuhi, hata kama ningeshinda siku nzima nikiosha vidonda vya watu.

Wafadhili wa ng'ambo walituletea, kupitia Voi, makasha ya ndala kwa ajili ya watu waliopona ukoma. Zilikuwa na sponji nene, laini, maana mguu uliokufa ganzi hausikii mwiba wala kijiwe. Kasoro yake ilikuwa moja tu: zote zilikuwa za kijani kikali, na tarafa nzima ilijua anayezivaa ni mtu wa namna gani.

Mama mmoja wa Chawia, muuza nyanya, alikataa katakata kuzivaa. Dawa alishazimaliza na ugonjwa ulikwisha, lakini alitembea peku, na kidonda chini ya unyayo wake kilizidi kuzama kila wiki. Kikifika mfupani, mguu ungekatwa. Nilimfokea nikiwa nimekunja nne, kiatu changu kikimetameta mbele ya macho yake.

"Nikizivaa, nyanya zinanioza," akasema. "Zivae wewe, daktari, utembee nazo, ndipo uje unifundishe."

Nilicheka. Na hilo la kuitwa daktari nililipenda.

Mvua ndiyo iliyonikomoa. Jumamosi moja viatu vyangu vililowa chepechepe, na siku hiyo nilitarajiwa kwa wazazi wa mchumba wangu. Nikafungua kasha, nikachagua jozi, nikaondoka nikipiga mluzi. Mama mkwe mtarajiwa alinipokea kwa tabasamu, macho yakashuka miguuni, tabasamu likakwama. Niliwekewa kigoda kando ya mlango. Wengine waliletewa chai kwa vikombe vya kauri. Yangu ilikuja kwenye kopo la jamu.

Nilitaka kupaza sauti kwamba mimi ni mzima. Halafu nikamkumbuka yule mama. Yeye pia alikuwa mzima. Mimi mwenyewe ndiye niliyeandika hivyo kwenye kadi yake. Niliona aibu mpaka chai ikanishinda. Mchumba wangu aliwaeleza wazazi wake baadaye kwamba sikuwa mgonjwa, lakini kila nilipokwenda, kopo lilikuwa linanisubiri.

Jumatatu nilishuka Voi na jozi moja ya ndala mpaka kwa fundi wa akala. Akala za tairi kila mtu alizivaa, kuanzia wachunga ng'ombe hadi wazee wa kanisa. Fundi akabandua sponji, akaitandika juu ya tairi, akaifunika kwa ngozi nyeusi. Nilikuwa nimeuchora unyayo wa yule mama wa Chawia kwenye karatasi.

"Mbona kidole kimoja kifupi?" akauliza.

"Wewe shona tu, fundi."

Yule mama alizigeuzageuza, akazivaa, akatembea mbele ya zahanati akienda na kurudi, akiringa waziwazi. Kidonda kilichukua miezi kufunga, lakini kilifunga.

Siku moja sokoni Voi nilimkuta mama mkwe amechutama mbele ya nyanya za mama wa Chawia, wanavutana bei. Akaokota moja, akaipangusa kwa leso, akaing'ata palepale.

"Akala zako nzuri," akamwambia. "Umezitoa wapi?"

Mama wa Chawia akanitazama kama hanijui vizuri. "Muulize huyo daktari."

Basi nikamtengenezea mama mkwe zake, kwa sponji ileile. Nilipompelekea alizivaa hapohapo, akasifu zinavyombembeleza miguu. Ndipo nikamwambia kilichomo ndani, kwamba ni zilezile za kijani nilizokuja nazo siku ya kwanza ya kopo. Akaitazama miguu yake. Hakuzivua. Aliinuka, akaingia nazo jikoni, akaniletea chai kwa kikombe cha kauri.