Mkisi Katika Darasa la Mpunga

Nilifika Makwale siku ya nne ya kuwazungukia wanachuo wangu waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Matope ya njia ya kutoka Ipinda yalikuwa yamekaukia kwenye sketi, na mgongo uliniuma kwa pikipiki. Mimi ni mtu wa Singida; miaka yote niliyokaa huku sijaizoea mvua hii.

Mwanachuo niliyekuja kumkagua alikuwa kijana wa hukuhuku, mtoto wa wakulima. Chuoni nilikuwa nimewahubiria hadi koo likakauka: anzeni na kile mtoto anachokijua nyumbani. Naye alinisikia. Kitabu kilikuwa na picha ya ngano. Yeye aliingia darasa la pili na masuke ya mpunga. Watoto walipokwama kwenye Kiswahili aliwaacha waseme Kinyakyusa, kisha akawavusha taratibu. Darasa likachangamka. Nikaanza kujaza alama nzuri, akili ikiwa kwenye chai.

Ndipo nikamwona msichana mmoja aliyekaa ukutani. Alikuwa akiwatazama wenzake midomoni, na walipocheka, yeye alicheka kwa kuchelewa.

Baada ya kipindi nilimuuliza kijana habari za mtoto yule. Akaniambia ni Mkisi, wa kabila la wafinyanzi, ametoka ufukweni mwa ziwa muhula huohuo, anakaa kwa shangazi yake anayeuza vyungu gulioni. Kiswahili anakijua kidogo, na Kinyakyusa ndiyo kwanza anaanza kukisikia.

"Sasa leo amejifunza nini?"

Akakung'uta chaki mikononi. "Madamu, nimefanya ulivyotufundisha."

Hakuwa mjeuri. Alikuwa amechoka kama mimi. Na alisema kweli: nilikuwa nimewafundisha kana kwamba watoto wote wa darasa moja hutoka nyumba moja. Nikamshauri amtafute yule shangazi. Kwenye fomu ya tathmini hapakuwa na mahali pa kuandika hayo, basi nikasaini nikaondoka.

Niliporudi baada ya majuma matatu, kijana alikuwa ameshakwenda gulioni kwa shangazi na kujifunza maneno machache ya Kikisi. Siku moja alileta chungu darasani, akamwomba yule mtoto aeleze kinavyofinyangwa. Mtoto alisimama, akasema sentensi moja kwa sauti ndogo, akaketi. Juma lililofuata mama yake alikuja kumchukua, wakarudi zao ufukweni.

Kijana alinisimulia haya akitazama chini. Akaniuliza kama ingesaidia lau angeanza mapema.

"Sijui, mwanangu," nikamjibu.

Muhula uliofuata niliwasimulia wanachuo wapya habari hii. Mmoja akanyoosha mkono, akauliza kama itatoka kwenye mtihani. Nikasema haitatoka. Wengi wakaweka kalamu chini. Nikaketi, kwa maana miguu ilikuwa inaniuma, nikaendelea kusimulia.