Kipande cha Leso ya Mama

Juzi mgeni wangu mmoja, mama wa Kijapani, alinionyesha kwenye simu mji wao wa mahekalu: mti mkubwa uliofungwa kamba, makaratasi meupe yakining'inia. Mimi niliishia darasa la nne, na leo nina magari matano ya watalii hapa Diani, kwa jasho langu. Hakuna kinachonishtua. Mti ule ulinishtua.

Nilipokuwa mtoto, Mama yangu aliugua sana. Bibi alinishika mkono tukaingia msituni pekupeku, hadi kwenye mzimu, mahali pa kuombea wazee waliokufa. Ubani ulinuka, ndege walikuwa kimya. Mti ulijaa vitambaa, nami nikadhani ni nguo za watu walioingia wasitoke. Kisha Bibi akafunga kipande cha leso ya Mama.

"Usiguse kitu, mume wangu," alinionya, kama alivyozoea kuniita. "Hata jani."

Alipogeuka nilikifungua, nikakitia mfukoni ili nimwokoe Mama. Sikujua kwamba kile kitambaa ndicho kilichokuwa dua.

Nilirudi nikijiona shujaa. Karibu na nyumbani tulisikia vilio. Bibi akautazama mkono wangu, uliokuwa bado mfukoni.

"Kwenu pia kuna mti kama huu?" aliniuliza mgeni. "Nipeleke."

Nilimjibu kwamba magari yote matano ni mabovu.